Mtandao Haujawahi Kupiga Picha

Wiki hii kijana mmoja wa dawati letu la picha kaniletea ukurasa uliokwisha kupangwa, mzuri kwa kila hali, na chini ya picha kubwa kaandika: "Picha kwa hisani ya mtandao." Nikamuuliza huyo Mtandao anaishi wapi, tumpelekee malipo yake. Akacheka. Alipoona mimi sicheki, akanyamaza.

Ni wa tatu mwaka huu. Wadogo zangu, nawapenda, na mna jicho ambalo sisi katika umri wenu hatukuwa nalo. Lakini jambo hili nimelisema kwa mdomo hadi nimechoka, basi leo naliandika.

1. Picha ina mwenyewe tangu kitufe kilipobonyezwa. Haihitaji muhuri, haihitaji jina kuchapwa kwenye kona. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, ulitiwa saini mwaka 1886, na tangu ulipofanyiwa marekebisho mwaka 1908 hakimiliki haitegemei kusajiliwa popote. Karibu nchi zote duniani zimo humo. Kwa hiyo picha uliyoikuta Google ina mwenyewe, na ile iliyokufikia kwenye kundi la WhatsApp bila jina lolote nayo ina mwenyewe. Ila wewe humjui. Na hilo neno "hisani" tuliheshimu. Hisani hufanywa na mtu aliyeombwa akakubali. Kama hukumwomba yeyote, hakuna hisani hapo, umechukua tu.

Msidhani wakubwa hawatelezi. Tetemeko la ardhi lilipoipiga Haiti Januari 2010, mpiga picha Daniel Morel aliweka picha zake Twitter siku ileile. Mtu mwingine akazinakili na kuzitangaza kama zake, shirika la habari la AFP likazichukua, zikasambazwa duniani kupitia Getty Images, kampuni inayouza picha kwa vyombo vya habari. Kesi ilipofika mahakamani New York, AFP walijitetea kwamba kilichowekwa Twitter kinaruhusiwa kutumiwa na wengine. Utetezi ule haukukubaliwa. Novemba 2013 baraza la wazee wa mahakama likaamua Morel alipwe dola milioni 1.2. Wale wote walikuwa na wahariri wazoefu, na kosa lilianzia pale pale mnapoanzia ninyi: haraka, na jina lisilohakikiwa.

2. Hakimiliki kwa kawaida ni ya aliye nyuma ya kamera. Aliye mbele yake ana haki zake nyingine kabisa. Hapa ndipo nilipoumia mimi, na ndiyo sababu hasa ya kuandika haya.

Nilikuwa na miaka minne kazini. Mwandishi wetu alileta makala ya kifua kikuu saa moja kabla ya ukurasa kufungwa, bila picha. Nikaingia kwenye maktaba yetu, nikatafuta "kliniki", nikampata mama mmoja ameketi kwenye benchi, mtoto mapajani, mwanga wa dirisha umemwangukia usoni. Picha ilikuwa yetu, tumeipiga wenyewe, na fomu ya ridhaa ilikuwa kwenye faili na sahihi yake. Sikuona tatizo lolote. Nikaipanua hadi nusu ukurasa. Kapsheni nikaandika mwenyewe: "Wagonjwa wakisubiri huduma."

Mama yule hakuwa mgonjwa. Miaka miwili nyuma alikuwa amempeleka mwanawe kupata chanjo, na fomu aliyosaini ilisema hivyo kwa maandishi: picha za kuhamasisha chanjo. Niliiona sahihi, sikusoma mistari iliyo juu yake.

Alipiga simu siku ya tatu. Alizungumza taratibu sana. Alinieleza kwamba kazi yake ni kulea watoto wa majirani mchana, wazazi wakiwa kazini. Asubuhi ya siku ya kwanza walikuja watoto wachache. Siku ya pili hakuja hata mmoja. Hakuna mzazi aliyemuuliza kitu. Walimpita tu, wengine kwa kumwonea huruma. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, nilikukosea nini?"

Na mimi, Mungu anisamehe, nikamjibu kwamba picha ni mali yetu na fomu alisaini.

Hakubisha. Alisema "haya," akakata simu. Nilikaa na simu mkononi, ndipo nikaenda kuisoma fomu. Niliisoma mara tatu. Jioni ile nikampigia tena, nikamwomba radhi, na kesho yake nikaenda kwake pamoja na mkuu wangu wa kazi. Tulichapa sahihisho, tukamlipa fidia, tukaiondoa picha kila tulipoweza kuifikia. Lakini sahihisho lilikaa ukurasa wa ndani, safu moja, mistari sita. Picha ilikuwa nusu ukurasa. Walioiona picha si wote waliosoma mistari ile, na mtoto aliyekwisha kuhamishiwa kwa mlezi mwingine harudishwi na sahihisho. Miezi kadhaa baadaye alikuwa amepata watoto wawili tu. Hilo nalijua kwa sababu nilikwenda kumsalimu, na aliponikaribisha ndani kwa upole nilitamani angenifokea.

Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, zilizoenea siku hizi, zinasema wazi kile nilichojifunza kwa gharama ya mtu mwingine: ridhaa hutolewa kwa lengo maalumu, na mhusika anaweza kuiondoa. Uso unaotambulika ni taarifa binafsi. Ukibadilisha lengo, rudi ukaombe upya. Na kapsheni ya picha ya maktaba iseme kwamba ni ya maktaba, ilipigwa lini, katika tukio gani.

3. "Alikuwa mahali pa umma" si jibu la kila swali. Nchi nyingi zinaruhusu kupiga picha barabarani, lakini kupiga ni jambo moja, kuchapisha ni jingine. Huko Quebec, msichana wa miaka 17 alipigwa picha ameketi kwenye ngazi za jengo, gazeti la sanaa likaichapisha bila kumuuliza. Picha haikuwa na aibu yoyote. Hata hivyo Mahakama ya Juu ya Kanada mwaka 1998 ilisema haki yake ilivunjwa, akapewa dola 2,000. Kwingine uamuzi ungekuwa tofauti, kwa hiyo soma sheria ya mahali unapochapisha, usitegemee hadithi za wenzako.

4. Leseni za Creative Commons, yaani ruhusa anazotoa mwenye picha kwa wote mapema, zina herufi, zisomeni zote. NC hairuhusu biashara, ND hairuhusu kusambaza toleo ulilolibadilisha, na karibu zote zinadai jina la mpiga picha.

5. Skrinshoti haifuti hakimiliki.

6. Kabla ya kutuma picha ya mtu aliyejificha kwa sababu za usalama, futa metadata, yaani taarifa zilizojificha ndani ya faili la picha. Faili la simu linaweza kubeba GPS ya mlango wa nyumba yake, na kumfunika uso hakusaidii kitu ikiwa ramani imo ndani.

7. Mtoto: mzazi au mlezi aridhie, na mtoto mwenyewe aulizwe. Niliwahi kumuuliza binti wa miaka saba kama naweza kumpiga picha, mama yake keshasaini. Akasema hapana, nywele zake hazijasukwa. Tukarudi baada ya siku mbili, kasukwa, kakaa wima kama malkia, na ile ndiyo picha bora ya mfululizo ule wote.

Sasa turudi kwa kijana wangu na Mtandao wake. Tulikaa pamoja, tukaitafuta picha kinyumenyume, yaani kwa kupakia picha yenyewe badala ya kuandika maneno, na baada ya kurasa chache tukaikuta kwenye tovuti ya aliyeipiga, jina lake kamili likiwa chini. Kijana alimwandikia mwenyewe, akaeleza ilipotakiwa na kwa ukubwa gani. Jibu lilikuja kabla ya saa sita: bei ya kawaida, na ombi kwamba jina lake liandikwe kwa "h", maana kila mtu huisahau. Ukurasa umefungwa na "h" yake ipo.