Mtoto hali mpaka awashiwe katuni

Mama wa Mbagala, pokea salamu zangu, na pole kwa uchovu.

Unaeleza katika barua yako kwamba hutoka nyumbani alfajiri kuwahi biashara yako ya vitenge Kariakoo na kurudi saa mbili usiku, kwamba mwanao wa miaka mitatu hafungui kinywa mpaka dada wa kazi amwashie katuni kwenye simu, na kwamba mama mkwe wako anasisitiza akabwe tu mpaka ameze. Unauliza ufuate njia ipi.

Nakusihi uziache zote mbili, na kumkaba kukome leo hii. Mtoto anayelishwa kwa nguvu huku analia anaweza kupaliwa, na hata akisalimika huanza kukiogopa chakula chenyewe. Simu nayo humfanya ameze bila kutambua kama ameshiba. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa umri wake asikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku, na milo yenu pekee huimaliza saa hiyo kabla ya jioni.

Hata hivyo, kilichonishtua zaidi ni jambo ulilolitaja kwa kupita: chai ya rangi na maandazi saa nne, juisi ya pakiti kabla ya chakula cha mchana, na biskuti za dukani kila anapolia. Tumbo lake ni dogo, na mtoto aliyekwisha kujazwa sukari hana sababu ya kuutamani wali na mchicha; isitoshe, chai huuzuia mwili kufyonza vizuri madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga hizo. Apewe milo mitatu kwa saa zinazojulikana, na kati yake ndizi mbivu, parachichi au uji wa lishe, kisha akiona kiu anywe maji. Ninyi amueni ale nini na saa ngapi, lakini kiasi mwachieni mwenyewe. Mpakulieni kidogo, aongezwe akitaka, na baada ya nusu saa sahani iondolewe bila ugomvi hata kama hakuigusa.

Kuhusu simu, anza na mlo wa mchana wa Jumapili, ukiwa nyumbani. Kaeni mkekani mle pamoja, simu zote zikiwa chumbani, ya baba yake ikiwemo. Atalia, na huenda siku za mwanzo akala vijiko vichache tu, vumilia, usiirudishe.

Zungumza na dada kwa heshima, kwani naamini huwasha katuni ili apate nafasi ya kufua na kupika, wala si kwa uvivu. Mpunguzie kazi za saa ile ili aweze kuketi na kula na mtoto. Mama mkwe aelezwe na mwanawe, si wewe.

Wiki hii mpeleke kliniki na kadi yake apimwe uzito. Mstari wa ukuaji ukipanda, tulia uendelee hivyo. Ukiwa umelala au kushuka, au akiwa anatapika, anaharisha au ana homa, aonwe na daktari. Ukiwa hapo, muulize muuguzi kama amekosa dawa ya minyoo au matone ya vitamini A, ambayo watoto wa umri wake hupewa kila baada ya miezi sita.