Cheti cha simu na mafuta yanayozama

FUNDI ANAJIBU

Swali: Assalaam alaykum, Fundi. Mimi kijana wa Chake Chake, nafanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha kupika makonyo, vile vijiti vya karafuu, kutoa mafuta. Mwezi uliopita bosi alituletea linki ya mafunzo ya usalama kazini, tuyasome kwenye simu. Video zote za Kiingereza, mwisho maswali 20, kisha cheti. Bando nimenunua mwenyewe. Wenzangu kumi na mmoja walimpa simu zao mtoto wa sapavaiza, yuko skuli, akawajibia wote. Mimi nilijibu mwenyewe nikakosa moja: mafuta yakimwagika penye maji hukaa wapi? Nikasema chini. Sasa tunaambiwa tutie saini kwamba tumefunzwa. Nitie?
*Mpika makonyo, Pemba*

Jibu: Waalaykumu ssalaam, mwanangu. Kwanza nikurudishie haki yako: swali hilo ulipata. Aliyelitunga alikuwa na dizeli kichwani, na dizeli huelea. Mafuta ya karafuu ni mazito kidogo kuliko maji, ndiyo maana kwenye pipa la kutenganishia mafuta na maji mnayafungulia kwa chini. Yakidondoka kwenye sakafu iliyorowa, juu unaona maji tu, utelezi umejificha chini yake. Mimi niliteleza hivyo hivyo, kiwanda sikitaji, nikajishikiza kwenye bomba la mvuke lisilofunikwa. Mkono wa kulia. Wiki tatu mke wangu ananilisha kama mtoto.

Usiidharau kozi yenyewe lakini. Ukiungua, maji baridi ya bomba yanayotiririka, dakika 20, si dawa ya meno wala samli: hilo ni lile lile Chake na London, na video inalionesha vizuri kuliko mimi. Isichokijua video ni kiwanda chenu. Haijui vali ipi ngumu kufunga. Haijui kwamba mafuta yenu yana eugenoli, ambayo madaktari wa meno huitumia kutia ganzi. Yakikurukia ngozini unaweza usisikie uchungu mapema, ukaendelea na kazi, kumbe ngozi inababuka. Na mvuke wenye nguvu hauonekani pale unapotokea kwenye tundu. Ule weupe unaouona ni mvuke uliokwisha kupoa, hatua kadhaa mbele. Anayepeleka mkono kutafuta panapovuja anaupeleka penyewe.

Kuhusu saini: usiandike umefunzwa kitu usichofunzwa. Andika ulichofanya, kwamba umeangalia video tarehe fulani, na kwamba kwenye boila inayotoa mvuke na kwenye pipa bado hujaoneshwa. Kisha mwombe sapavaiza saa moja tu, boila imezimwa, yule mzee anayeiendesha asimame mbele yenu aseme kwa Kiswahili kipi kinafungwa kwanza na nani anaitwa. Nenda na wenzako wawili watatu, mzungumze kwa adabu. Mtu mmoja huonekana mkorofi. Mkikataliwa, kumbusheni kwamba Zanzibar ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini, Namba 8 ya 2005, na pelekeni jambo kwa wakaguzi wa kazi hapo Pemba.

Bando nalo lisikutoke bure. Mkataba Namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema katika kifungu cha 21 kwamba hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi. Weka ujumbe wa simu wa siku uliyonunua, umwoneshe bosi.

Na glavu zile nyembamba za hospitali, zikigusa mafuta hayo hulainika. Ombeni nyengine nzito.

Siku ya kuoneshwa boila mwiteni na yule mtoto wa skuli. Ana vyeti kumi na moja na hajawahi kuiona.