Ukikutana na Kombora Chini ya Bahari, Usiliguse

Wengi wetu hapa Nairobi tunajifunzia kuzamia kwenye bwawa la kuogelea, ambako hakuna kitu sakafuni kinachoweza kuua, kwa hiyo tunafika baharini tukiwa na mazoea ya kushika chochote. Mazoea hayo yalitaka kuniponza katika Bahari ya Shamu, nchini Misri, nilipozamia kwenye Thistlegorm, meli ya mizigo ya Uingereza iliyozunguka Rasi ya Tumaini Jema ikiwapelekea wanajeshi waliokuwa wakipigana Afrika Kaskazini malori, pikipiki na silaha, hadi ndege za Ujerumani zilipoizamisha tarehe 6 Oktoba 1941.

Mkondo ulikuwa mkali upande wa tezi, pale meli ilipopasuka, nami nikanyoosha mkono nijishikize kwenye kitu nilichodhani ni bomba. Kiongozi wetu alinidaka mkono, akamulika tochi: lilikuwa kombora la mzinga, limefunikwa na ukoko wa matumbawe, ila pete yake ya shaba bado iling'aa.

Tafadhali usidanganywe na kutu. Kutu hula ganda la chuma, lakini kilipuzi kilichomo, kama vile TNT, hakiyeyuki kwa urahisi majini na kinaweza kubaki na nguvu kwa miongo mingi, ilhali fyuzi, yaani kiwashio chake, inazidi kuchakaa. Yanayonitisha zaidi ni makombora ya kale yaliyojazwa asidi ya pikriki, kwa kuwa asidi hiyo ikikutana na metali hufanya chumvi zinazoweza kulipuka kwa msuguano tu.

Kwa hiyo usisugue, wala usifunge boya. Rudi nyuma taratibu, soma kina, waashirie wenzako, kisha pandeni kwa mwendo wa kawaida, mkipumzika dakika 3 kwenye mita 5, maana kupanda kwa pupa kunadhuru hata pasipo mlipuko. Nahodha ndiye awaarifu wanamaji au polisi. Jambo hili si la Misri pekee: manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliizamisha manowari ya Uingereza, Pegasus, pale Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914.

Kuhusu kubeba ukumbusho, sina subira. Kwenye fukwe za Baltiki watu wameokota fosforasi nyeupe, kemikali ya mabomu ya kuchomea, wakidhani ni kaharabu, wakaitia mfukoni, ikakauka na kuwaunguza. Ikiwa tayari unacho kipande cha namna hiyo sebuleni, usikipakie garini kukipeleka kituoni. Toka nje na jamaa zako wote, piga 999, uwaachie wataalamu wakifuate hapo kilipo.