Shilingi 60,000 za mwalimu: foreksi au hisa za mgao?

Swali: Dada, salamu kutoka Kilifi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na nina akiba ya shilingi 60,000 ambazo sizihitaji karibuni. Kijana wa jirani anafanya foreksi kwa simu, na ananiambia kwa leveraji ya 1:400 pesa hizi zitazaa ndani ya wiki. Mwenzangu wa sacco ananishauri ninunue hisa za Safaricom nile mgao wa faida. Naomba unifanyie hesabu ya kila upande. Na je, nikinunua hisa wiki moja kabla ya mgao kisha nikauza, nitapata faida?

Jibu: Mwalimu, salamu zimefika. Nianze na upande wa jirani, maana huko ndiko pesa zinakoweza kwisha kwa alasiri moja.

Foreksi ni biashara ya sarafu za kigeni, na sarafu huuzwa kwa jozi. Ukinunua euro kwa dola, unategemea euro ipande. Bei husomwa kwa tarakimu nne baada ya nukta, tuseme 1.1000. Ikisogea hadi 1.1001, hiyo ni pipsi moja. Loti nzima ni euro 100,000, na kwa loti nzima kila pipsi ni dola 10.

Sasa leveraji. Dalali anakuruhusu kushika biashara kubwa mara nyingi kuliko pesa ulizoweka, na zako zinabaki kwake kama dhamana. Hiyo 1:400 ndiyo kiwango cha juu kabisa kinachoruhusiwa na kanuni za Kenya za mwaka 2017. Shilingi 60,000 ni kama dola 460. Kwa 1:400, loti nzima inataka dhamana ya dola 275 tu, kwa hiyo simu itakukubalia bila swali. Lakini kila pipsi ni dola 10, Mwalimu. Bei ikirudi nyuma pipsi 46, akiba yako yote imekwenda. Pipsi 46 ni chini ya nusu ya asilimia moja ya bei, na euro na dola zinaweza kusogea hivyo kwa siku ya kawaida isiyo na habari yoyote.

Kuna mteja aliyekuja kwangu na simu mkononi, akitaka nimweleze kilichotokea. Alikuwa na dola 210, akanunua nusu loti ya euro siku ya Ijumaa, muda mfupi kabla Marekani haijatoa takwimu za ajira. Takwimu hizo kwa kawaida hutoka Ijumaa ya kwanza ya mwezi, saa tisa unusu alasiri kwa saa zetu, au saa kumi unusu wakati wao wa baridi. Alitabiri euro itapanda. Kwanza ikashuka pipsi 36 kwa dakika chache, dalali akamfungia biashara, zikabaki dola 30. Baada ya hapo euro ikapanda, vilevile alivyosema. Tulikaa tukaangalia ile chati pamoja na nikamwonyesha kwamba utabiri wake ulikuwa sawa. Kilichomwangusha ni ukubwa wa biashara: nusu loti juu ya dola 210 haina nafasi ya kupumua. Angeshika sehemu moja ya mia ya loti, yaani euro 1,000, pipsi 36 zingemgharimu dola 3.60 na angekuwa bado yumo bei ilipogeuka.

Jirani atakwambia kuna amri ya kukomesha hasara, inayofunga biashara bei ikifika kiwango ulichoweka. Ipo, na itumie kila mara ukifanya biashara hii, lakini si ukuta. Tarehe 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi iliacha ghafla kulinda kiwango cha faranga 1.20 kwa euro. Bei iliruka kiasi kwamba amri nyingi zilitekelezwa mbali sana na zilikowekwa, na wako walioamka wakidaiwa na madalali wao.

Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya Ulaya, ESMA, ilieleza kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za watu wa kawaida katika biashara za aina hii hupoteza pesa. Ikashusha leveraji ya sarafu kubwa hadi 1:30. Sisi tuko na 1:400. Jambo hili linaniuma, kwa sababu wanaoumia ni watu wenye akiba ndogo kama yako.

Upande wa hisa hesabu ni ya polepole. Safaricom ililipa mgao wa shilingi 1.20 kwa hisa kwa kila mwaka wa fedha ulioishia Machi 2023, 2024 na 2025. Tuseme, kwa mfano tu, bei ni shilingi 20. Gharama za dalali na soko ni takriban asilimia 2, kwa hiyo utapata hisa 2,900 hivi. Mgao ni shilingi 3,480. Kodi ya asilimia 5 inakatwa kabla hazijakufikia, na kwa mkazi wa Kenya hiyo ndiyo kodi ya mwisho. Unabaki na shilingi 3,306 kwa mwaka, kama asilimia 5.6 ya pesa ulizotoa. Si nyingi. Huenda sacco yako inatoa zaidi ya hapo.

Bei unayonunulia ndiyo inayoamua karibu kila kitu. Hisa hizi ziliuzwa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 5. Zikaanguka hadi chini ya 3, na wengi wakauza kwa hasira. Agosti 2021 zilipita 40, na mwanzoni mwa 2024 zilikuwa chini ya 15. Aliyenunua kwa 5 akavumilia, ile shilingi 1.20 kwake ni asilimia 24 ya pesa alizotoa. Aliyenunua kwa 40 anapata asilimia 3, na mtaji wake umeliwa juu yake. Kampuni ni ileile na mgao ni uleule. Bei ilishuka kwa sababu kadhaa: gharama za kuanzisha biashara Ethiopia, wawekezaji wa nje kuondoka, na serikali kulipa riba kubwa kwa hati fungani, yaani mikopo inayochukua kwa wawekezaji. Ile ya miundombinu ya Februari 2024 ilitoa asilimia 18.46 bila kodi. Nani angekaa na hisa ya mgao wa asilimia 8 hivi akiona hiyo?

Mgao pia si mshahara. Mwaka ulioishia Machi 2022 Safaricom ililipa 1.39, kisha ukashuka. KCB haikulipa chochote kwa mwaka 2023, ingawa ilipata faida.

Kununua wiki moja kabla: ndiyo, mgao utaupata, mradi jina lako liwe kwenye daftari la wenye hisa siku linapofungwa. Malipo ya hisa Nairobi hukamilika siku tatu za kazi baada ya kununua, kwa hiyo ukinunua siku moja kabla umechelewa. Lakini daftari likishafungwa, bei kwa kawaida hushuka kiasi kinachokaribia mgao wenyewe, kwa sababu mnunuzi mpya hapati kitu. Ukiongeza asilimia 2 ya kununua na 2 nyingine ya kuuza, umefanya kazi ya kumlisha dalali.

Ningekuwa wewe, nisingepeleka hata shilingi moja ya hizo kwenye foreksi. Ukitaka kujifunza, tumia akaunti ya mazoezi miezi sita, na kabla ya kuweka pesa halisi hakikisha dalali ana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Kwa hisa, gawa pesa mara nne ndani ya mwaka na ununue kampuni tatu au nne za biashara tofauti. Tangu 2025 unaweza kununua hata hisa moja. Zamani ilibidi 100. Kila mgao ukiingia, nunua nyingine.

Ukifungua akaunti ya CDS, yaani ile hisa zako zinamohifadhiwa kielektroniki, jaza namba ya benki na ya simu unayoitumia kweli, na ukihamishwa shule rudi uzibadilishe. Migao isiyo na mwenyewe hupelekwa kwa Mamlaka ya Mali Isiyodaiwa, na kuidai kutoka huko ni fomu juu ya fomu.