Haydn: fuata noti nne kabla hujautafuta wimbo

Kama ndio unaanza fidla na mwalimu amekupa kazi za mtunzi Haydn wakati roho yako iko kwa watunzi wenzake, Mozart au Schubert, nakuomba usimwache haraka. Mimi nilimwacha. Nilikuwa nimetokea kwenye kwaya, na kipimo changu kilikuwa kimoja tu: wimbo nikirudi nao nyumbani kichwani, basi ni mzuri. Kwa Haydn sikurudi na kitu. Nikamhesabu kuwa fundi hodari aliyenyimwa kipaji cha melodi, na miaka miwili ikapita hivyo.

Kilichonigeuza ni viola, ndugu ya fidla mwenye sauti ya chini zaidi. Kikundi chetu cha watu wanne kilipungukiwa na mpigaji, nikahamishwa kutoka fidla ya pili, na kazi ya kwanza tuliyopewa ikawa kwarteti yake (kazi ya fidla mbili, viola na chelo) ya D minor, opus 76 namba 2, yaani ya pili katika mkusanyo wake wa 76, ya mwaka 1797. Fidla ya kwanza inaanza na noti nne ndefu. Kwa watu wa solfa, doh ni F: mi inashuka hadi la, kisha ti inashuka hadi mi. Basi, hakuna zaidi. Huwezi hata kumbembelezea mtoto kwa noti hizo. Lakini nikiwa nimekaa pale katikati, nilianza kukutana nazo kila upande. Mara zimeshuka kwenye sauti za chini, mara zimegeuzwa zinapanda, mara zimefupishwa zinakimbia, mara sauti moja inazianza kabla mwenzake hajazimaliza. Karibu kila kinachotokea katika sehemu ile ya kwanza kimetoka humo. Halafu inakuja menueti, sehemu yenye mwendo wa dansi: fidla mbili zinatangulia, viola na chelo zinafuata nyuma kidogo kwa wimbo uleule, na hazizifikii wala haziachwi mpaka inapoingia trio, kipande cha katikati cha menueti. Siku tuliyoipiga bila kupotezana nilitetemeka mikono.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa namuuliza Haydn swali lisilo lake. Wapo watunzi wanaokupa wimbo uliokamilika uukumbatie. Yeye anakupa mbegu, kisha anataka ukae uione ikiota. Mozart, ambaye kwa melodi hana mpinzani, alilijua hilo mapema: mwaka 1785 alimtunukia Haydn kwarteti 6, na katika barua yake akaziita tunda la kazi ndefu na ngumu. Mtu mwenye kipaji kile alikuwa anahangaika kumfikia mzee huyu.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua karatasi za noti za kwarteti hiyo, funika mstari wa fidla ya kwanza kwa karatasi, uimbe viola. Imba kabisa, usisome kwa macho. Wanaoimba alto na tenor mtaona wepesi kuliko soprano, kwa sababu mmezoea kubeba wimbo ambao wengine hawausikii. Mara ya pili imba chelo. Karatasi iondoe mwisho.

Na usidhani hakuweza kutunga wimbo. Ule wa taifa la Ujerumani, unaousikia kabla ya mechi, ni wake. Aliutunga mwaka 1797 kwa ajili ya Kaisari Franz wa Austria. Kisha akauweka kwenye sehemu ya pili, ile ya taratibu, ya opus 76 namba 3, na kilichofuata ndicho ninachopenda ukisikie. Wimbo hakuubadilisha. Aliupitisha mkono kwa mkono: fidla ya kwanza inauanzisha, kisha fidla ya pili, fidla ya kwanza ikiuzungukia juu na wengine wakiwa kimya, kisha chelo, kisha viola, mwisho unarudi kwa fidla ya kwanza. Katika mzunguko huo wa mwisho, imba nao kwa sauti ndogo huku sikio ukilipeleka chini. Wewe bado uko kwenye noti zilezile za mwanzo, lakini chini yako kodi (noti zinazolia pamoja) zimebadilika, na utajikuta unaimba kwa uchungu ambao dakika tano nyuma haukuwepo.