Mwanangu, huyo dalali ni wa nani?

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma. Unauliza kama umwambie dalali wa nyumba unayotaka kununua bei yako ya mwisho maana anakubana kila siku, halafu kama ni sawa huyo huyo awasimamie wewe na muuzaji kwa sababu anasema mambo yataenda haraka. La kwanza, usimwambie. La pili roho yangu inakataa kabisa.

Kwanza jua huyo dalali ni wa nani. Kama muuzaji ndo kampa nyumba aiuze basi ni mtu wa muuzaji, hata kama anakupigia asubuhi na jioni na kukuita ndugu, kazi aliyopewa ni kuuza kwa bei nzuri, kwa hiyo ukimtajia uwezo wako wote muuzaji naye ataujua. Akisema atawasimamia wote, muulize hivi: siku mimi nataka bei ishuke na mwenzangu anataka ibaki palepale, utamshauri nani? Hawezi kukuambia shusha na hawezi kumwambia yule kaza, anabaki kupeleka karatasi huku na kule tu, na kamisheni anaweza kuchukua pande zote mbili. Kuna sehemu sheria inakataza kabisa.

Sisemi madalali ni wabaya, usinielewe vibaya mama. Ukipata wa kwako anayejua kazi anakusaidia sana, atakwambia nyumba fulani imekaa sokoni muda mrefu na kwa nini, atakutafutia nyumba za jirani zinazofanana na hiyo ziliuzwa bei gani kweli, maana bei ya tangazo kila mtu anaweza kuandika anayoitaka. Ila hata huyo wa kwako elewa hesabu yake. Tuseme kamisheni ni asilimia 3. Ukipunguziwa milioni moja wewe umeokoa milioni nzima, yeye kapoteza elfu 30 tu. Sasa kwa nini ahangaike wiki tatu zaidi kukushushia bei? Watu wanadhani dalali anataka bei ipande, mara nyingi anachotaka ni usaini mapema. Ndo maana utasikia kuna mtu mwingine anakuja kuiona kesho. Inawezekana ni kweli, lakini usiamue kwa hofu hiyo.

Kwa hiyo mpe kiwango cha kutafutia kilicho chini ya mwisho wako, mwambie vyumba vingapi, umbali wa kazini, kitu gani huwezi kuvumilia. Hayo mwambie yote bila kuficha. Halafu mkiwa ndani ya nyumba muulize, wewe hapa unaona tatizo gani? Akikosa hata moja kwenye kila nyumba, tafuta mwingine.

Fundi wa kukagua paa, nyaya na mabomba umtafute mwenyewe, wakili pia, na wakili ndo akahakikishe hati kwa msajili wa ardhi kwamba jina ni la huyo anayeuza na nyumba haijawekwa dhamana ya mkopo. Usikubali wa kuletewa na dalali, wanaopewa kazi na yeye kila mwezi watasita kuandika kitu cha kuvunja biashara. Na malipo ya awali hayaingii kwenye akaunti yake binafsi, hata akikwambia ni ya siku moja tu. Hilo mwanangu nakuomba sana.

Mkataba wa dalali nao usome taratibu. Angalia unadumu miezi mingapi (miezi mitatu inatosha kumpima mtu), nani analipa kamisheni, na ukipata nyumba mwenyewe bila yeye unadaiwa au hudaiwi. Mingine ina kipengele kwamba hata mkataba ukiisha, ukinunua nyumba aliyokuonyesha bado utamlipa, sio vibaya ila muda wake uandikwe.

Kabla hujasaini nipigie picha kurasa zote unitumie, hata usiku, nitakaa nizisome.

Mama yako