Kwa fundi mpya wa friji: usiifungulie gesi hewani

Mdogo wangu unayeanza kazi ya friji na AC, kuna tabia utaikuta kwa mafundi wengi: nati inalegezwa, gesi ya zamani inatoka yote, kisha kazi inaendelea. Hiyo usiige, hata kama anayekufundisha ndivyo anavyofanya.

Gesi ya R-12 ya friji za zamani, na R-22 ambayo bado utaikuta kwenye AC nyingi, zina klorini. R-12 haioshwi na mvua wala haiozi huku chini. Huelea miaka mingi, ikipanda pole pole hadi kwenye tabaka la ozoni, gesi inayotukinga na miale ya jua, kilomita 15 hadi 35 juu yetu. Huko miale mikali ya jua huivunja na klorini ikawa huru. Chembe moja ya klorini huvunja ozoni, ikatoka salama, ikavamia nyingine, hata 100,000, kabla haijanaswa. Wanakemia Rowland na Molina walilieleza hilo mwaka 1974. Mwaka 1985 Waingereza walioko Antaktika wakatangaza kwamba ozoni ya kule imepungua vibaya kila majira ya kuchipua.

Utaambiwa Antaktika ni mbali. Ni kweli, tundu hilo la ozoni haliko juu ya Dar es Salaam. Lakini sisi wa karibu na ikweta jua letu ni kali tayari, na ozoni ndiyo inayochuja miale ya urujuanimno inayoleta mtoto wa jicho na saratani ya ngozi. Mwenye ualbino anayeshinda shambani ana kinga ndogo kuliko wewe. Baharini nako, vijimea vidogo vinavyolisha dagaa huumizwa na miale hiyo hiyo.

Sasa kazi yenyewe. Ivute gesi kwa mashine yake uiweke kwenye mtungi maalumu wa kurudishia, usiujaze zaidi ya asilimia 80. Mteja akisema "niongezee gesi tu", mweleze kwamba gesi haiishi kama mafuta ya gari, ikipungua, inavuja. Paka povu la sabuni kwenye nati na kwenye maungio yaliyochomelewa, utazame kwa subira: tundu dogo hutoa kiputo kimoja kimoja. Ziba, pima kwa naitrojeni (kamwe usitumie oksijeni, ikikutana na oili ya kompresa hulipuka), vuta vakyumu (toa hewa yote ndani ya mabomba), ndipo uchaji gesi. Na usichomelee bomba lenye gesi ndani, moto huigeuza sumu ya mapafu.

Gesi mpya nazo zina mambo yake. R-134a haina klorini, ila hupasha dunia joto, ndiyo maana nchi zilikubaliana Kigali mwaka 2016 kuipunguza. R-600a haina madhara hayo, lakini inawaka. Soma kibandiko nyuma ya friji kabla hujaunganisha geji.